Kesi ya Tom Robinson jukwaani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali tunayoulizwa kabla na baada ya usomaji wetu wa jukwaani hapa Dar es Salaam. Tunasoma kwa sauti, kwa Kiswahili, sura za mahakamani za riwaya ya Harper Lee, *To Kill a Mockingbird*, halafu tunazungumzia tamthilia zilizotokana nayo na jinsi watu wa huko zilikochezwa walivyozipokea. Maswali mengine ni ya hadithi yenyewe, mengine ni ya watu waliokaa vitini. Haya ya pili ndiyo yanayonivutia zaidi, kwa hiyo msishangae nikiyapa nafasi kubwa.

Kwa ufupi, kesi inahusu nini?

Tuko Maycomb, mji mdogo wa kubuni katika jimbo la Alabama, Marekani, miaka ya 1930. Tom Robinson, kibarua mweusi mwenye mke na watoto, anashtakiwa kumbaka Mayella Ewell, binti wa kizungu kutoka familia maskini kuliko zote mjini. Wakili Atticus Finch anapewa kazi ya kumtetea, na tunaisikia kesi kupitia kwa Scout, binti yake mdogo.

Ushahidi si mgumu kuufuata. Mayella alipigwa upande wa kulia wa uso. Baba yake, Bob Ewell, anaombwa aandike jina lake mbele ya mahakama, naye anaandika kwa mkono wa kushoto. Tom mkono wake wa kushoto umelemaa tangu akiwa mtoto, uliponaswa kwenye mashine ya kuchambulia pamba. Pamoja na hayo yote, anatiwa hatiani, na baadaye anapigwa risasi na kufa akijaribu kutoroka gerezani.

Kitabu kilitoka mwaka 1960, kikapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1961. Filamu yake ilitoka mwaka 1962, na Gregory Peck akapata Oscar kwa kumwigiza Atticus.

Mbona mnatoa hukumu mapema? Mmetuharibia uhondo!

Huko Marekani kitabu hiki kimesomwa shuleni kizazi baada ya kizazi. Wengi walioingia ukumbini New York walikuwa wanaijua hukumu kabla hawajakata tiketi, na bado ikisomwa watu wanashtuka. Hilo ndilo la kuangalia. Ushahidi umepangwa ili mtazamaji aishinde kesi kichwani mwake kabla wale waamuzi, raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, hawajarudi, na anayeona ameshashinda hakubali kirahisi kunyang'anywa. Hapa kwetu, hukumu ilipotamkwa, mama mmoja wa mstari wa mbele alisema kwa sauti, "Aa, rudieni kuhesabu." Naye alikuwa amesoma kitabu.

Kuna tamthilia ngapi?

Mbili ndizo zinazojulikana zaidi. Ya kwanza ni ya Christopher Sergel, iliyochapishwa mwaka 1970 na kuchezwa sana na mashule na vikundi vidogo. Ya pili ni ya Aaron Sorkin, iliyofunguliwa Broadway, eneo la kumbi kubwa za tamthilia New York, tarehe 13 Desemba 2018 kwenye ukumbi wa Shubert, ikiongozwa na Bartlett Sher, na Jeff Daniels akiwa Atticus. Mwaka 2022 ikafika London, ukumbi wa Gielgud.

Sergel anafuata mwendo wa kitabu. Sorkin anaingia mahakamani karibu tangu mwanzo, kisha anakwenda nyumbani na kurudi kizimbani, mara huku mara kule, hadi mwisho.

Ni kweli watazamaji wanaitwa kuwa waamuzi wa kesi?

Kweli, lakini si kila mahali. Harper Lee alizaliwa Monroeville, Alabama, na tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wenyeji wa pale wamekuwa wakicheza tamthilia ya Sergel kila mwaka. Sehemu ya kwanza inachezwa nje, kwenye uwanja wa jengo la zamani la mahakama. Ya pili inachezwa ndani, katika chumba kilekile ambacho watengeneza filamu walikiiga walipojenga mahakama yao Hollywood. Wanaume wazungu kutoka kwa watazamaji wanachaguliwa na kukalishwa kwenye viti vya waamuzi, na mwisho wa kesi ndio wanaotakiwa kutoa jibu ambalo kila mtu anajua litakuwa lipi.

Mtu ametoka kwake kuja kustarehe, amelipa kiingilio, pengine yuko na wanawe, halafu anakalishwa mahali pa kumtia hatiani asiye na hatia mbele ya majirani. Mimi naona hiyo ni mbinu kali kuliko hotuba yoyote ya Atticus.

New York walifanya kinyume: viti vya waamuzi viliachwa vitupu. Wakili anavihutubia vile viti, na kwa kuwa hakuna aliyekaa pale, maneno yanawaangukia waliolipa tiketi. Ni ujanja mzuri wa jukwaa, ila unampa mtazamaji nafasi ya kujiambia moyoni kwamba yeye angemwachia Tom huru. Yule wa Monroeville hana nafasi hiyo.

Hao waamuzi 12 ni akina nani, na jaji kazi yake nini?

Hili tunaulizwa kila mara, na linabadilisha kabisa namna watu wa hapa wanavyoitazama kesi. Kule, raia 12 wa kawaida wanasikiliza ushahidi, wanajifungia chumbani, wanarudi na jibu moja: ana hatia au hana. Jaji anaongoza shauri, lakini hatia haimhusu.

Tanzania hatuna mfumo huo. Tulichorithi ni wazee wa baraza, ambao kwa miaka mingi walikaa na jaji wa Mahakama Kuu kwenye kesi kama za mauaji na kumpa maoni yao, na jaji hakufungwa na maoni hayo. Kwa hiyo mtazamaji wa Dar, tena yule aliyewahi kukaa benchi la mahakama akisubiri kesi ya ndugu yake, macho yake yote yako kwa jaji.

Matokeo yake ni kwamba hapa hasira zinamwangukia Jaji Taylor. Katika kitabu si mtu mbaya: yeye ndiye aliyempa Atticus kesi hiyo badala ya kumwachia wakili asiye na uzoefu. Watazamaji wetu hawamsamehe. "Anaona, anajua, amekaa juu pale kimya?" Ukiwaeleza kwamba sheria haimpi nafasi, wanakubali kwa kichwa, si kwa moyo. Wamarekani hasira zao ziko kwa wale 12, yaani kwa majirani. Sisi tunamtafuta mkubwa aliyenyamaza.

Na wanawake? Mbona waamuzi wote ni wanaume?

Sheria ya Alabama haikuwaruhusu wanawake kuwa waamuzi hadi mwaka 1966. Kwenye kitabu Scout anakasirika anapolisikia hilo.

Kesi nzima iliisha siku moja?

Ndiyo. Asubuhi wanaanza, na usiku wa saa tano na ushei hukumu inasomwa. Watu wetu hucheka hapa, na siwalaumu: aliyezoea kusikia kwenye taarifa ya habari kwamba upelelezi haujakamilika na kesi imeahirishwa, hawezi kuacha kucheka. Lakini kasi hiyo ni sehemu ya dhuluma yenyewe. Mwaka 1955, huko Mississippi, waamuzi wazungu watupu walitumia muda wa saa moja na dakika chache tu kuwaachia huru waliomuua Emmett Till, kijana wa miaka 14. Katika riwaya wale 12 wanakaa ndani masaa kadhaa, na Atticus anahesabu ucheleweshaji huo kama hatua. Ndogo, ila hatua.

Kwa nini Tom kusema alimhurumia Mayella kukawa kosa kubwa hivyo?

Tom anaeleza kwamba alikuwa akimsaidia Mayella kazi ndogondogo bila malipo. Mwendesha mashtaka, Bwana Gilmer, anamchimba: ulifanya yote hayo kwa wema tu? Tom anajibu kwamba alimwonea huruma, kwa sababu alionekana kujituma kuliko wenzake wote pale nyumbani. Mahakama inabadilika hapohapo.

Kwa msikilizaji wa Marekani, hasa wa Kusini, hapahitaji maelezo. Mtu mweusi kumhurumia mzungu ni kujiweka juu yake, na wale 12 hawatasahau. Kwetu mstari huu mara ya kwanza ulipita kama upepo. Huruma ni utu, nani atamlaumu mtu kwa utu? Mzee mmoja alisema hata lile jibu lingemwokoa, maana linaonyesha moyo safi.

Tulijaribu kulieleza kwa historia na halikuingia. Aliyelifungua ni dada mmoja anayefanya kazi za ndani Masaki. Alisema hivi: jaribu kumwambia bosi wako kwamba unamwonea huruma. Si kumpa pole kwa msiba, hapana, huruma kwa maisha yake, kwamba mume hashindi nyumbani, kwamba hana wa kuongea naye. "Hiyo kazi huna kuanzia kesho." Uwanja mzima ukaguna. Tangu hapo anayesoma sehemu ya Gilmer tumemwambia atulie kabla ya kurudia yale maneno, ili watu wausikie mlango unavyofungwa.

Watu walikuwa wanacheka na kusemesha waigizaji. Hiyo ni adabu?

Kwetu ndiyo. Anayetaka ukimya wa kanisani atakuwa amekosea anwani.

Ewell alipoandika kwa mkono wa kushoto, watu walipiga kelele kama goli limefungwa. Wageni wawili walionung'unika kwamba hiyo inaharibu tamthilia, nadhani hawakusikia vizuri kilichokuwa kikiendelea. Ni kama kwenye taarabu: mtu anainuka kwenda kumtunza mwimbaji pale ubeti unapomgusa, na kila aliyekaa anajua noti ile imeelekezwa kwa nani. Kelele zilizopigwa kwa Ewell zilikuwa ushahidi wa uwanja, na zikamtia Tom matumaini ambayo wasikilizaji wenyewe waliyalipia baadaye.

Wala si sisi peke yetu. Tarehe 26 Februari 2020 tamthilia ya Sorkin ilichezwa mara moja tu kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, unakochezwa mpira wa kikapu, mbele ya wanafunzi wapatao 18,000 wa shule za umma za New York, bila kiingilio. Vijana hawakukaa kama wazazi wao wanavyokaa Broadway. Watu wa Broadway hukaa kimya kwa sababu wamefundishwa kukaa kimya na wamelipa pesa nyingi. Ukibadilisha walioketi, hata mchezo wenyewe unabadilika.

Kicheko kimoja tu ndicho kinachonisumbua: kile cha watu kumcheka Mayella anapolia kwa kuitwa "bibie" na Atticus. Binti yule hajawahi kuitwa kwa heshima hata siku moja, anadhani anakejeliwa. Anasema uongo unaoua, ni kweli. Lakini aliyempiga yuko palepale mahakamani, na usiku atarudi naye nyumbani.

Calpurnia ni nani, na kwa nini watu wanamuulizia sana?

Ni mpishi wa nyumba ya Atticus, mwanamke mweusi aliyewalea Scout na kaka yake, Jem, baada ya mama yao kufariki. Kwenye kitabu anaheshimiwa sana, lakini mengi yaliyo moyoni mwake hatuyasikii. Sorkin alimpa sauti: anabishana na Atticus uso kwa uso, na anamwonyesha kwamba wakili huyu mwema, chini kwa chini, alikuwa akingoja ashukuriwe kwa kuichukua kesi. LaTanya Richardson Jackson ndiye aliyemwigiza mwanzo kule Broadway.

Hapa Dar Calpurnia anaulizwa maswali kuliko Atticus. Wake anawalea nani wakati yeye yuko kwa watu? Analala wapi? (Anao wake: kitabu kinamtaja mwanawe mtu mzima, Zeebo, anayeendesha gari la taka.) Kina mama wanaoajiri dada wa kazi na wale waliowahi kuwa madada wa kazi wamekaa benchi moja, na katika mjadala unaweza kuwatambua bila kuuliza. Waajiri wanasema Calpurnia alikuwa kama ndugu. Wengine wananyamaza kidogo, kisha wanauliza mshahara wake ulikuwa shilingi ngapi.

Kwa nini warithi wa Harper Lee waliipeleka tamthilia mahakamani?

Harper Lee alifariki Februari 2016, akiwa amekwisha kuruhusu tamthilia mpya. Machi 2018 wasimamizi wa mali yake walifungua kesi wakidai Sorkin amekwenda mbali na moyo wa riwaya, hasa kwa kumfanya Atticus mtu mwenye kasoro, anayeanza akiamini kila jirani ana wema ndani yake na kulazimika kujifunza vinginevyo. Mtayarishaji, Scott Rudin, akajitolea kuicheza tamthilia nzima mbele ya jaji, palepale mahakamani, ili aamue mwenyewe. Natamani ingetokea! Mei mwaka huohuo wakapatana.

Mwaka uliofuata yalikuja makubwa zaidi: vikundi vidogo vilivyokuwa vikijiandaa kucheza ile ya Sergel viliandikiwa barua za mawakili vikatakiwa viache. Watu waliwaka kwelikweli, na Rudin akalegeza kwa kuwapa ruhusa ya kutumia ile ya Sorkin. Anayeijua kazi ya vikundi vya jukwaani, iwe Alabama au Mikocheni, anajua maana ya kusimamishwa wiki chache kabla ya onyesho wakati mavazi yameshashonwa.

Kuhusu Atticus mwenyewe, mimi niko upande wa Sorkin. Mtu asiyekosea hana cha kufanya jukwaani zaidi ya kusimama.

Kwa hiyo hii si hadithi nyingine ya mzungu mwema anayemwokoa mtu mweusi?

Lawama hiyo ipo, na ina haki yake. Tom ndiye anayekufa lakini tunatoka tukimjua zaidi wakili wake. Sorkin alijitahidi kupunguza, hakumaliza. Kijana mmoja wa chuo alituambia waziwazi kwamba amechoka kuambiwa amlilie mtu mweusi ambaye hajui hata anapenda chakula gani.

Naongeza moja tu: hamwokoi. Kesi inashindwa. Na kuna wanaokikataa kitabu kwa sababu tofauti kabisa. Mwaka 2017, Biloxi, Mississippi, kitabu kiliondolewa kwenye masomo ya darasa la nane kwa kuwa lugha yake iliwakosesha watu raha.

Lugha gani hiyo? Mnasoma matusi?

Neno la kumdhalilisha mtu mweusi limejaa midomoni mwa watu wa Maycomb. Sisi tunalisoma pale linapotoka kwa Ewell kizimbani, kwingine tunalipunguza. Ukimsafisha Ewell kabisa, hukumu haieleweki.

Kwa nini watoto wanaigizwa na watu wazima?

Ni uamuzi wa wale wa Broadway, kwa kuwa Scout, Jem na rafiki yao Dill wanasimulia mambo yaliyopita. Celia Keenan-Bolger alimwigiza Scout akiwa na miaka zaidi ya 40 na akapata tuzo ya Tony mwaka 2019. Dakika tano za kwanza inashangaza, baadaye unasahau.

Inanikumbusha Mabepari wa Venisi. Nimekosea?

Hujakosea, na wengi waliosoma shule enzi hizo wanasema vivyo hivyo. Mwalimu Nyerere aliitoa tafsiri hiyo ya Shakespeare mwaka 1969, na onyesho lake la mahakamani bado watu wazima wanaweza kulisimulia: mkopeshaji anadai ratili ya nyama, anaambiwa kata, ila damu isimwagike hata tone.

Tofauti iko kwenye furaha. Kule ujanja wa sheria unafanya kazi na watazamaji wanashangilia, ingawa ukitulia unaona aliyenyang'anywa kila kitu naye ni mtu wa kabila linalodharauliwa. Maycomb ujanja upo, mkono wa kushoto umeonekana na watu wote, na haukusaidia kitu. Aliyekuja akitarajia Mabepari anatoka amekasirika.

Atticus akitoka mahakamani, watu weusi wote wa roshani wanasimama. Nasi tusimame?

Hapana, kaeni. Karani anapoita "Koooorti!" mwanzoni nusu yenu huinuka kwa mazoea, na hilo linatosha. Waliosimama roshani walikuwa na sababu yao. Walikalishwa juu kwa sheria, wakaona kila kitu, na hapakuwa na jambo jingine waliloruhusiwa kufanya.

Nikikwama kwenye foleni je?

Ingia tu, kaa nyuma. Ukifika baada ya ushahidi wa Ewell, muulize jirani yako kuhusu mikono. Atafurahi kukueleza, tena kwa sauti kuliko tungependa.

Naweza kuja na watoto?

Kuanzia miaka 12 hivi, ndiyo. Wadogo zaidi watasinzia, na shtaka ni la ubakaji, linatajwa bila kificho. Usomaji wa sura za 16 hadi 21 kwa kuzipunguza unachukua saa mbili pamoja na mapumziko, mjadala ni juu yenu. Mtoto akiuliza njiani kwa nini Tom alikimbia gerezani wakati rufaa ilikuwepo, usikimbilie kumjibu. Muulize kwanza kama yeye angengoja.